Mafuta Yanayopasha Mwili: Rekodi Sita

Katanika, pembeni ya mji wa Kalemie, familia nyingi zilizokimbia vita zimewahi kulala chini ya maturubai. Ziwa Tanganyika, lililo kando ya mji huo, liko mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa kiangazi huko una baridi. Anayeihisi zaidi ni kichanga, naye huzaliwa na jiko lake mwilini: mafuta ya kahawia.

Mwenye mengi zaidi. Kwa binadamu, ni mtoto mchanga. Aliyetimiza miezi tumboni anaweza kuwa nayo kiasi cha asilimia 5 ya uzito wake, katikati ya mabega, shingoni na kuzunguka figo. Kutetemeka bado hakuwezi. Hujipasha kwa mafuta hayo.

Yanayowaka upesi zaidi. Seli ya mafuta meupe hubeba tone moja kubwa, ya kahawia hubeba matone madogo mengi. Baridi ikigusa ngozi, neva huamuru matone yavunjwe kuwa asidi za mafuta. Asidi hizo huchomwa, na hizohizo huiamsha protini ya UCP1, ambayo huigeuza nishati kuwa joto.

Lipidi yenye minyororo mingi. Fosfolipidi za kawaida zina minyororo miwili ya mafuta. Kadiolipini ina minne. Mary Pangborn aliitambua mwaka 1942 katika moyo wa ng'ombe. Ndiyo inayoishikilia UCP1 isilegee ndani ya mitokondria, vinu vya nishati vya seli.

Kungoja kurefu zaidi. Conrad Gessner aliyaeleza mafuta haya mwaka 1551, katika mwili wa mamoti, mnyama wa jamii ya kindi wa milima ya Alps. Kwamba watu wazima nao wanayo na yanafanya kazi, ilithibitishwa mwaka 2009.

Mkubwa asiyeyategemea. Jeni ya UCP1 ya tembo imeharibika. Mwili mkubwa hupoa polepole. Mdogo hupoa haraka.

Msaada wa bei nafuu zaidi. Mtoto njiti huzaliwa na mafuta haya kidogo mno. Mwaka 1978, huko Bogotá, daktari Edgar Rey alianzisha huduma ya kangaruu: mtoto hulazwa kifuani, ngozi kwa ngozi. Hata mahali kama Katanika, huduma hiyo haihitaji umeme. Mkaushe mtoto mara tu anapozaliwa, mlaze kifuani kwa mama, wafunike wote wawili kwa kikwembe, mnyonyeshe mapema, na umwogeshe baada ya saa 24. Akiba ya mafuta ya kichanga huisha. Maziwa ya mama ndiyo yanayoijaza tena. Kwa hiyo anayetaka mtoto apate joto, ahakikishe pia kwamba mama amekula.