Barrett ya kwenye gemu imekudanganya

Kama umewahi kucheza Call of Duty au PUBG kwa simu hadi betri ikabaki asilimia mbili, basi tayari una maoni kuhusu bunduki za masafa marefu. Maoni yenyewe ni rahisi: chukua kubwa zaidi. Ukipata Barrett, beba Barrett. Ndege ikidondosha kreti, kimbilia AWM kabla mwingine hajaifikia. Risasi moja, jamaa chini, mbogi inapiga kelele.

Sasa sikiza. Kule Marekani kuna watu wazima, wengine na vitambi vyao na kofia za jua, ambao hobi yao ni kulenga bamba la chuma lililo maili mbili mbele yao. Hiyo ni kilomita 3.2. Kama unakaa Nairobi, huo ni umbali wa kutoka KICC hadi Westlands ukikata moja kwa moja bila jam. Mashindano yao yanayojulikana sana huitwa King of 2 Miles, na yalipata jina huko Raton, jimbo la New Mexico. Na huko, ile Barrett ya .50 unayoiota si mfalme. Wengi wanaong'ara hushika kaliba ndogo kuliko hiyo, kama .375 na .416.

Hizo namba ni upana wa risasi kwa sehemu ya inchi. .50 ni nusu inchi, yaani milimita 12.7. .375 ni kama milimita 9.5. Mbona aliye na risasi nyembamba amshinde aliye na risasi nene?

Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo usingoje fomula ubaoni. Lakini hii inaeleweka hata bila fomula. Risasi ikishatoka kwenye mtutu haina injini. Kila kitu iliyo nacho ni ule msukumo wa kwanza, na kuanzia hapo hewa inaupunguza kila mita. Kwa hivyo swali si risasi ni kubwa kiasi gani. Swali ni inapasua hewa vizuri kiasi gani. Fikiria lori na pikipiki ya mashindano: lori ni zito, ndiyo, lakini limekabili upepo kwa kifua kizima.

Watengenezaji hupima huko kupasua hewa kwa namba, na namba kubwa ni nzuri. Risasi ya kawaida ya jeshi ya .50 ina uzito wa gramu 43 hivi na namba yake ni kama 0.67. Risasi ndefu ya .375 CheyTac iliyochongwa kwa shaba, yenye gramu 26 tu, inafika 0.9 na ushei. Nyepesi karibu nusu, lakini inateleza zaidi. Zipo risasi za mashindano za .50 ambazo namba yake inapita 1, sikatai, na kuna chama kizima cha wapenzi wa .50 huko Marekani tangu 1985. Lakini hizo si zile zinazouzwa kwa bei ya chini kwenye masanduku ya jeshi, na ni hizo za masanduku ambazo mtu mgeni hununua kwanza.

Kuna kingine. Risasi huanza safari ikikimbia kuliko sauti, karibu mara mbili na nusu. Ikipungua hadi kasi ya sauti, mita 340 hivi kwa sekunde, inaanza kuyumba kama matatu iliyokata rodi, na kutoka hapo hesabu zako zinaharibika. .308 ya kawaida inafika hapo karibu kilomita moja. .338 Lapua, ambayo ndiyo damu ya AWM ya ukweli, inasonga hadi karibu kilomita moja na nusu. .375 inapita kilomita mbili. Ukitaka kuchagua bunduki kama mtu anayejua, hii ndiyo namba ya kwanza ya kuuliza: inabaki juu ya kasi ya sauti hadi wapi? Kaliba ifuate baadaye.

Na jibu hubadilika kulingana na mahali ulipo. Raton iko juu, mita 2,000 hivi, karibu sawa na Eldoret. Ile hewa nyepesi inayomtoa pumzi mgeni akijaribu kukimbia na vijana wa Iten, hiyohiyo ndiyo risasi inaipenda. Bunduki ileile ukiipeleka usawa wa bahari, tuseme Mombasa, umbali unapungua vibaya. Mtu akikuambia bunduki yake inafika mahali fulani bila kusema alikuwa juu kiasi gani, anakuuzia upepo.

Turudi kwa Barrett, maana siichukii. Ronnie Barrett alikuwa mpiga picha Tennessee, hakusomea uhandisi, na mwaka wa 1982 akaunda ile M82. Mimi kama mtu asiye na cheti nampa heshima zake. Lakini angalia alichounda. M82 inajijaza risasi yenyewe, na kila ukifyatua mtutu wote unarudi nyuma ndani ya bunduki ili kupunguza teke. Begani ni raha. Kwa shabaha ya kilomita tatu ni tatizo, kwa sababu mtutu unaosogea lazima urudi palepale, kila mara, bila kukosea hata unywele. Risasi yenyewe ya .50 ilibuniwa na John Browning wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia kwa ajili ya bunduki ya mashine. Kazi yake ilikuwa kutoboa magari na ndege. Wanaoshindana maili mbili hutumia bunduki ya kukokota kwa mkono, risasi moja baada ya nyingine, mtutu mnene na mrefu usiosogea, na mwili mzito kama mtungi wa gesi.

Uzito huo una kazi. Risasi inachukua zaidi ya sekunde tano kufika, na wewe unatakiwa uwe bado unatazama kwenye darubini uone vumbi limeruka wapi ili urekebishe. Bunduki ikikupiga teke hadi ukapoteza picha, umepoteza somo lote la hiyo risasi. Hapa ndipo .375 inawapiku wakubwa zake: teke lake unaweza kulivumilia na bado ukaona.

Utaniuliza, na zile rekodi je? Mkanada aliyempiga mtu umbali wa mita 3,540 kule Iraq mwaka wa 2017 alitumia .50. Kweli, na risasi ilikaa hewani karibu sekunde 10. Lakini jeshi hubeba .50 kwa sababu kazi zake ni nyingi, hata gari linaweza kusimamishwa nayo. Halafu kupiga mara moja si sawa na kupiga kila mara. Mwaka wa 2022 kikundi kimoja kule Wyoming kilipiga bamba umbali wa maili 4.4, kilomita saba hivi, kwa .416 Barrett. Ilikuwa risasi ya 69.

Nimesema bamba, na nataka tubaki kwa bamba. Tuliokuwa barabarani Juni 2024 tunajua risasi inafanya nini kwa mwili wa kijana, na kwamba hakuna kurudi kwenye raundi inayofuata. Ndiyo maana sikuandiki haya kama shabiki wa vita.

Sasa doo. Barrett M82 mpya ni kama dola 9,000, zaidi ya shilingi milioni moja. Risasi moja ya .375 inaweza kugharimu dola 10, karibu 1,300 zetu. Kila ukifyatua, kilo mbili za nyama zimeenda. Mtutu wa .375 nao unachoka baada ya risasi elfu moja na kitu hivi, kisha unanunua mwingine. Darubini nzuri inaweza kulingana na bei ya bunduki, na lazima ikae juu ya reli yenye mteremko, kwa sababu kwa maili mbili risasi inashuka zaidi ya mita 100. Bila huo mteremko darubini inaishiwa na nafasi ya kupanda, na bunduki yako ya milioni inakuwa ya kupiga picha tu. Sheria pia huchagua kwa niaba yako: California ilipiga marufuku .50 BMG kwa sheria ya 2004, na wengine wakahamia .416.

Hii ndiyo sababu wazee wa huo mchezo humwambia mgeni asianze na kubwa. Anza na .308 au 6.5 Creedmoor, jifunze upepo kwa mita 1,000, halafu ndio upande. Upepo wa kupeperusha leso tu unahamisha risasi mita kadhaa kwa maili mbili, na bamba lenyewe lina upana wa mita moja hivi. Hakuna kaliba inayokusomea upepo.

Nyuma ya shabaha nako lazima pawe na mlima. Risasi ya .50 iliyokosa inaweza kwenda zaidi ya kilomita sita kabla ya kuanguka. Tafuta kilomita sita Kiambu au Kajiado ambazo hazina boma la mtu, ng'ombe wala shule, kisha uniambie. Hapa kwetu bunduki yoyote inapitia Bodi ya Leseni za Bunduki, na mchezo wa shabaha unaoonekana zaidi, kama ule wa Kirigiti, ni wa bastola na masafa mafupi. Usidanganywe na mtu wa mtandaoni anayekuahidi njia ya mkato. Hiyo njia inaishia seli.

Ukitaka tu kuonja hesabu, ni bure. JBM na Hornady wana vikokotoo mtandaoni. Weka .50 ya kawaida, kisha .375, umbali mita 3,200. Weka mwinuko wa Eldoret, halafu wa Mombasa. Ongeza upepo kidogo kutoka kando, kilomita tano kwa saa. Angalia safu ya kasi, uone ni wapi kila risasi inashuka chini ya 340.