Ramani ya Mfalme Sulemani Haifiki Geita

"Mzee, mashimo ya Mfalme Sulemani yako upande gani, Nyarugusu au Rwamagasa?"

Nimeulizwa hivyo Katoro, nikaulizwa Kahama, nikaulizwa Shinyanga mjini. Wiki iliyopita aliyeniuliza ni kijana aliyekwisha kuuza ng'ombe wawili wa baba yake akanunua "ramani ya kale". Mimi ni mtu wa miamba, na nimechoka kulijibu swali hili barabarani.

Mashimo hayo hayapo. Ni ya nchi ya kubuni, nchi ya Wakukuana, na aliyeiumba ni Mwingereza H. Rider Haggard katika riwaya ya mwaka 1885. Sisi tuliipata kwa tafsiri ya Frederick Johnson, Mashimo ya Mfalme Sulemani, iliyotoka 1929. Isome tena kwa makini. Safari inaanzia Durban, inavuka jangwa lisilo na maji, inapanda milima pacha yenye theluji iliyopewa jina la Malkia wa Sheba, inaishia kwenye pango lenye makasha ya almasi. Usukumani theluji imeanguka kilima gani? Hata ramani, iliyochorwa na Mreno kwa damu yake mwaka 1590, ni ya ndani ya hadithi.

Tarehe nazo zinakataa. Haggard alikwenda Natal mwaka 1875, na Afrika aliyoijua ni ya huko kusini. Wajerumani waliripoti dhahabu ya Geita mwaka 1898, miaka 13 baada ya kitabu. Almasi ya Mwadui aliipata John Williamson mwaka 1940, wakati Haggard yuko kaburini tangu 1925.

Mzizi wa uvumi huu uko Zimbabwe Kuu, zaidi ya kilomita 1,900 kusini mwa Geita. Mwaka 1871 Mjerumani Karl Mauch alizikuta zile kuta za mawe akatangaza kuwa ni kasri la Malkia wa Sheba. Ushahidi wake? Kibanzi cha mbao ya mlangoni kilifanana na mbao ya penseli yake. Penseli ni ya mwerezi, basi na mlango ni mwerezi wa Lebanoni! Wachimbuaji wa mambo ya kale, David Randall-MacIver mwaka 1905 na Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929, walichimba wakaonyesha kuwa wajenzi walikuwa Waafrika. Ndiyo, 1929: mwaka uleule tuliopewa hadithi kwa Kiswahili, ukweli ulikuwa unafukuliwa. Wajenzi ni mababu wa Washona, na dhahabu ya nchi yao ilishuka Sofala, ikapanda majahazi hadi Kilwa, mji wa Waswahili.

Hapa ndipo ninapoumia. Anayeamini mashimo ya Sulemani anakubali, bila kujua, kwamba kila kazi kubwa katika ardhi hii lazima iwe ya mfalme mgeni. Uongo huo uliwanyang'anya Washona kuta zao kwa miongo mingi. Leo unawanyang'anya wazee wetu ng'ombe.

Dhahabu ya Geita hakuna aliyeificha. Zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita, maji ya moto yalipanda kwenye nyufa za miamba yakaiacha ndani ya mawe ya chuma yenye mistari na mishipa ya kwatzi. Haina kasha wala mlango, na haifuati alama ya msalaba kwenye karatasi iliyochomwa kingo ili ionekane ya kale. Na shimo kuukuu lenye magogo yaliyooza, linaloweza kuwa la machimbo ya enzi ya ukoloni, lina hewa mbaya na kuta zinazosubiri kuanguka. Usiingie.

Unataka kuchimba? Ramani halali ya miamba iko Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, Dodoma. Leseni ya uchimbaji mdogo iombe Tume ya Madini kupitia ofisi ya Afisa Madini Mkazi. Kama huna, ingia mkataba wa maandishi na mwenye leseni. Pima sampuli za mwamba kabla ya kushusha duara, yaani shimo la kuchimbia. Dhahabu iuze kwenye soko la madini. La Geita lipo tangu 2019. Ukikuta vyungu au kuta za kale, acha kuchimba, toa taarifa wilayani: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inavilinda.

Na ile karatasi ya ng'ombe wawili, mwanangu, ipeleke polisi ukiwa bado unamkumbuka sura aliyekuuzia.