Theluji Haifuti Deni la Kitanda

Safari ikifutwa kwa theluji, abiria huambiwa kaunta kwamba hali ya hewa ni amri ya Mungu na shirika la ndege halidaiwi kitu. Maneno hayo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyofichwa ndiyo inayolaza wazee wetu sakafuni.

Sheria namba 261 ya Umoja wa Ulaya, ya mwaka 2004, inatenganisha mambo mawili. Kuna fidia: Frankfurt hadi Dar es Salaam ni euro 600, na shirika linaweza kusamehewa kama dhoruba ndiyo iliyoifuta safari. Kisha kuna matunzo: chakula, hoteli, usafiri wa kwenda na kurudi hotelini. Haya hayana msamaha. Mwaka 2010 majivu ya volkano ya Iceland yalifunga anga ya Ulaya, na Denise McDonagh akakwama Faro, Ureno, wiki nzima. Aliidai Ryanair karibu euro 1,130. Januari 31, 2013, katika kesi C-12/11, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba wajibu wa matunzo hauna kikomo cha siku wala cha fedha. Abiria aliyejilipia hurudishiwa gharama zilizokuwa za lazima na za kadiri.

Nilikuwa Frankfurt namsindikiza mama akirudi Tanga, yuko kwenye kiti cha magurudumu. Safari ilipofutwa kwa theluji, kijana wa kaunta akasema vocha za hoteli zimekwisha. "Mwanangu, usigombane na watu, tutakaa hapa hapa," mama akanisihi. Kwa magoti yale? Nilimwomba kijana aandike kwenye pasi ya mama ya kupandia ndege kwamba hakuna vocha, akaandika. Nikachukua hoteli ya kawaida karibu na uwanja, nikatunza risiti zote, hata ya teksi. Jibu la kwanza la shirika lilikuwa pole na theluji. Nikawaandikia tena nikitaja kifungu cha 9 na kesi ile. Fedha ziliingia kabla ya Pasaka.

Angalia unakotoka. Ukiondoka uwanja wa Umoja wa Ulaya, sheria inalibana shirika lolote. Ukiondoka Dar au Mombasa kwenda huko, inayabana tu mashirika ya Umoja wa Ulaya yasikukimbie; ya Ghuba au ya Afrika hayamo. Na ukikubali kurudishiwa nauli badala ya kusubiri ndege nyingine, dai la hoteli hukoma hapo hapo. Kwa hiyo usiharakishwe kubonyeza chochote kwenye simu. Nchini Ujerumani unaweza kudai hadi miaka 3, ikihesabiwa kuanzia mwisho wa mwaka wa safari.

Wazazi wetu wengi husafiri peke yao na huona aibu kudai. Tafadhali, kabla hujamuaga mzee wako uwanjani, mwandikie kwenye karatasi namba 261/2004 na namba yako ya simu, umwambie aionyeshe kaunta na asitupe risiti hata moja.