Kioo kizima, picha inayochanika: Somo la dakika kumi kwa waagizaji wa kompyuta

KIGALI — Chukua mfano wa mfanyabiashara wa Niboye, moja ya kata 10 za Wilaya ya Kicukiro, anayevuka mpaka wa Rusumo na vioo kumi vya kompyuta alivyonunua Kariakoo. Wateja wake ni vijana wanaocheza gemu za kompyuta na wenye vibanda vya michezo. Wiki haijaisha, simu inaita.

"Ndugu, kioo ulichoniuzia ni kibovu. Picha inachanika katikati."

Mteja wa pili analalamika kwamba kipanya ni kizito. Akikisogeza, mchezaji kwenye kioo anageuka baadaye, kana kwamba anatembea kwenye tope. Vioo viwili vinarudi dukani. Kutoka Kigali hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 1,500, na muuzaji wa Kariakoo akiletewa vioo hivyo atavichomeka, ataona vinawaka, kisha atasema ni vizima. Mara nyingi atakuwa anasema kweli.

Hapo ndipo hasara inapoingilia. Mteja anaona ubovu, muuzaji wa kwanza haoni, na aliye katikati ndiye anayebeba gharama. Lakini kuchanika kwa picha na kuchelewa kwa amri ni matatizo yenye sababu zinazojulikana, na mengi huisha kwa kubadilisha mpangilio au waya.

Picha huchanikaje?

Kioo cha kawaida cha kompyuta huchora picha upya mara 60 kwa sekunde, kuanzia mstari wa juu hadi wa chini. Kiwango hicho ndicho kinachoandikwa 60Hz kwenye boksi. Kila mchoro mmoja unachukua takriban milisekunde 16.7.

Kwa upande wa pili kuna kadi ya grafiki, kifaa kinachotengeneza picha za gemu ndani ya kompyuta. Hiyo haina mwendo mmoja. Penye ukuta mtupu inaweza kutoa picha 110 kwa sekunde. Penye moshi na watu wengi inashuka hadi 45. Ikikabidhi picha mpya wakati kioo kimefika nusu ya kuchora ile ya zamani, sehemu ya juu hubaki na picha ya zamani na sehemu ya chini huonyesha mpya. Nguzo iliyonyooka huonekana imekatwa na kusogezwa pembeni. Hakuna kilichovunjika; vifaa viwili havikwendi sambamba.

Dawa ya zamani ni mpangilio uitwao V-Sync, unaopatikana karibu katika kila gemu. Huilazimisha kadi isubiri mpaka kioo kimalize kuchora. Mchaniko unaisha, ila una bei yake: picha zilizokamilika hukaa kwenye foleni. Zikisubiri mbili au tatu kwenye kioo cha 60Hz, mchezaji amepoteza kati ya milisekunde 33 na 50. Ndiyo maana mteja mmoja huleta malalamiko mawili kwa mfululizo. Kwanza picha inachanika, anawasha V-Sync, kisha kipanya kinakuwa kizito.

Kwa nini milisekunde zina thamani

Kwa anayetazama filamu, hilo si jambo. Kwa mchezaji wa mashindano ni ushindi au kushindwa. Mkenya Sylvia Gathoni, anayejulikana kwa jina la QueenArrow, alijipatia nafasi katika timu za kulipwa kwa kucheza Tekken 7, gemu ya mapigano inayohesabiwa kwa picha 60 kwa sekunde. Katika Tekken, ngumi ya haraka ya kawaida hufika baada ya picha kumi, yaani chini kidogo ya sehemu moja ya tano ya sekunde. Kioo na mipangilio vikila picha tatu au nne kati ya hizo, mchezaji hana tena muda wa kujikinga.

Ni muhimu pia kutenganisha ucheleweshaji huu na ule wa intaneti. Mchezaji wa Kigali anayecheza na wenzake kupitia seva iliyo Ulaya au Afrika Kusini anategemea nyaya zinazopita nchi jirani hadi nyaya za baharini za Mombasa na Dar es Salaam. Umbali huo una muda wake, na hakuna kioo kinachoweza kuufuta. Njia ya kujua ni rahisi: mteja acheze gemu bila intaneti, dhidi ya kompyuta yenyewe. Uzito ukibaki, tatizo liko mezani kwake. Ukiisha, ni suala la mtandao, na si la muuzaji wa kioo.

Vioo vinavyofuata mwendo wa kadi

Suluhisho bora zaidi lilianza kuingia sokoni mwaka 2013, pale kampuni ya NVIDIA ilipotangaza G-Sync. Badala ya kadi kukisubiri kioo, kioo ndicho kinachofuata kadi: picha ikiwa tayari, kinachora. AMD ilikuja na FreeSync mwaka 2015, na kwa kuwa haikuhitaji kifaa maalumu cha gharama ndani ya kioo, ilienea hadi kwenye vioo vya bei nafuu. Januari 2019 NVIDIA nayo ilifungua kadi zake zifanye kazi na vioo vingi vya aina hiyo kupitia tundu la DisplayPort.

Kwa mwagizaji, maana yake ni kwamba neno FreeSync, G-Sync au Adaptive-Sync kwenye boksi lina thamani ya fedha. Lakini asiishie kwenye neno. Kila kioo cha namna hiyo kina mipaka yake, kwa mfano kutoka 48Hz hadi 75Hz, au 48Hz hadi 144Hz. Kadi ikitoa picha nje ya mipaka hiyo, mchaniko unaweza kurudi. Kioo chenye mipaka mipana kinafaa kompyuta nyingi zaidi, hasa zile za uwezo wa kati.

Tahadhari nyingine ni maandishi ya "1ms" yanayopamba maboksi. Hayo hueleza jinsi nukta za kioo zinavyobadili rangi upesi. Hayasemi amri ya kipanya inachukua muda gani kuonekana. Anayemuahidi mteja kwamba "1ms" inaondoa ucheleweshaji wote anajitafutia simu ya lawama.

Waya, tundu na mpangilio

Makosa mengi ya dukani ni madogo. Kioo cha 144Hz kikiunganishwa na waya wa zamani wa VGA, au kwa kigeuzi cha VGA kwenda HDMI, faida yake imeachwa kwenye boksi. Tundu la HDMI la toleo la 1.4 kwa kawaida huishia 120Hz kwenye picha ya 1920 kwa 1080. DisplayPort ndiyo njia salama zaidi kwa kioo cha gemu, kwa hiyo boksi lisilo na waya huo ni gharama ya ziada ambayo mwagizaji anapaswa kuihesabu kabla ya kukubali bei.

Hata waya ukiwa sahihi, Windows inaweza kukiendesha kioo cha 144Hz kwa 60Hz kwa sababu hakuna aliyebadilisha mpangilio. Hubadilishwa kwenye mipangilio ya mfumo, sehemu ya skrini. Baada ya hapo, FreeSync iwashwe kwenye menyu ya kioo chenyewe na kwenye programu ya kadi, kisha gemu iwekewe kikomo cha picha kidogo chini ya uwezo wa kioo: 141 kwa kioo cha 144Hz. Kikomo hicho huzuia foleni ile iliyotajwa awali.

Mteja mwenye kioo cha 60Hz kisicho na FreeSync naye hajatupwa. Apunguze ubora wa vivuli na moshi mpaka kompyuta iweze kutoa picha 60 bila kushuka, awashe V-Sync, na awashe pia mpangilio wa kupunguza ucheleweshaji ulio kwenye programu ya kadi. Hatapata wepesi wa 144Hz, ila picha itatulia.

Televisheni si kioo cha kompyuta

Wengine huleta televisheni ndogo wakidhani zitauzika kama vioo vya gemu. Televisheni nyingi husafisha na kupamba picha kabla ya kuionyesha, na kazi hiyo hula muda. Mpangilio wa gemu kwenye televisheni husaidia, lakini si kila moja inao.

Forodhani pia tofauti ipo. Chini ya Ushuru wa Pamoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kompyuta na vioo vilivyotengenezwa mahususi kwa ajili ya kompyuta viko kwenye kiwango cha asilimia 0, wakati televisheni zilizokamilika hutozwa ushuru. Kodi nyingine zinaweza kubadilika kila bajeti, hivyo wakala wa forodha aulizwe kabla ya mzigo kuondoka. Wafanyabiashara wadogo wakumbuke pia kuwa cheti rahisi cha asili, kinachotumika kwa mzigo usiozidi dola 2,000, ni cha bidhaa zinazotokana na nchi za Jumuiya. Kioo kilichotengenezwa Asia hakipati nafuu hiyo kwa kununuliwa Luthuli Avenue au Kariakoo.

Dakika kumi kabla ya kulipa

Jaribio lenyewe linahitaji kompyuta ndogo yenye gemu moja na waya wa DisplayPort au HDMI. Kwanza, fungua menyu ya kioo chenyewe. Mstari au doa likionekana hata juu ya menyu hiyo, kioo ni kibovu, usikilipie. Pili, hakikisha Windows inaonyesha kiwango kilichoandikwa kwenye boksi. Tatu, zima V-Sync, ingia kwenye gemu, geuza mtazamo haraka kushoto na kulia ukitazama nguzo na kuta. Picha ikichanika, washa V-Sync au FreeSync. Mchaniko ukitoweka, kioo ni kizima.

Mwisho, kiwango cha Hz, aina ya tundu na neno FreeSync au G-Sync viandikwe kwenye ankara ya ununuzi, na vilevile kwenye risiti ya EBM anayopewa mteja wa Kigali. Karatasi hiyo ndiyo inayoamua mgogoro pale kila upande unapodai una haki.

Mfanyabiashara wa Niboye akifanya hivyo, simu ya mteja haitamlazimu kurudi Rusumo. Ataketi naye mbele ya kompyuta, abadilishe waya, aweke kikomo cha picha, na kioo kirudi nyumbani kwa mwenyewe. Vile viwili vilivyorejeshwa dukani, huenda vyote viwili bado vinauzika.