Chombo cha Mfano Kikitaka Kitako Kipana

Si nadra, uingiapo sebule ya nyumba ya Mji wa Kale, iwe ni Kibokoni au Ndia Kuu, kukuta jahazi dogo la mti limetweka tanga juu ya kabati. Mwenye nyumba atakwambia lilichongwa na babu yake, au lilinunuliwa Lamu zamani. Ukilitazama vizuri utaona mambo mawili. Chombo chenyewe kimeundwa na mtu aliyeyajua majahazi. Lakini kitako kinachokibeba ni kibao chembamba tu kilichopigiliwa mwisho wa kazi, utadhani fundi alikuwa amekwisha kuchoka.

Zamani kibao kile kilitosha. Nyumba za mawe zilikuwa na vidaka ukutani, na chombo kilichowekwa ndani ya kidaka kimekingwa pande tatu. Hakuna mtoto apitaye mbio wala upepo wa pangaboi upigao tanga. Leo familia nyingi zimehamia nyumba za ghorofa, Kizingo, Tudor na Nyali, na wengine wamevuka mpaka Ghuba na Ulaya, na chombo kimehama pamoja nao. Kimetolewa kidakani kikawekwa juu ya meza ya kioo. Hapo ndipo kibao cha inchi 4 kinapoumbuka.

Jahazi, wasomaji, lina uzito juu. Mlingoti wake huegemea mbele, na juu yake huning'inia foromali ambayo urefu wake hukaribia urefu wa chombo. Chombo cha mfano cha futi 2 huwa na foromali ya karibu futi 2 vilevile, na ncha zake hupita nje ya kitako kidogo. Kikigusika kwa kiwiko kinazunguka, kikizunguka kinaanguka, na kikianguka hakivunjiki kitako. Unaovunjika ni mlingoti na kamba zake, sehemu ile ile iliyomchukua fundi siku nyingi kuliko zote.

Mashaka haya hayako kwetu peke yetu. Huko Uingereza na Marekani wako watu wazima, wenye kazi zao na watoto wao, wachezao vita vya mezani kwa vinyago vya askari vyenye kimo cha kama sentimita 3. Mchezo huo si wa jana, mwandishi H. G. Wells alitoa kitabu cha kanuni zake mwaka 1913. Wako hata waigizao vita vya Tanga vya Novemba 1914, ambavyo sisi wa pwani tulivisikia kwa wazee. Mchezaji hukaa usiku na brashi ndogo akimpaka askari rangi, vifungo, mkanda, mpaka weupe wa jicho. Kila askari ana kitako chake.

Basi mwaka 2015 kampuni ya Games Workshop ya mji wa Nottingham ilianza kuwatoa baadhi ya askari wake mashuhuri juu ya vitako vya milimita 32 badala ya 25. Na mwaka 2024, katika mchezo wake uitwao The Old World, askari wa miguu waliozoea kusimama juu ya miraba ya milimita 20 wakatakiwa wasimame juu ya milimita 25. Utasema milimita 5 au 7 si kitu. Katika mchezo ule kitako ndicho kipimo chenyewe: upana wake huamua maadui wangapi wanaweza kumzunguka askari mmoja, na safu yao itachukua nafasi gani mezani. Mtu aliyekwisha kupaka rangi askari 200 alikuwa na njia mbili. Kuwang'oa mmoja mmoja, na wengine hukatika vifundo vya miguu. Ama kukiacha kitako cha zamani pale pale, akakivika pete pana kandokando, akaziba mshono kwa mchanga na rangi. Waliozionea huruma kazi zao walichagua pete.

Najua wako watakaouliza habari za sanamu. Hilo lina wenyewe, masheikh wetu, na ukurasa huu si mahali pa kutolea fatwa. Chombo hakina roho, na kimekaa siku zote sebuleni chini ya aya zilizotundikwa ukutani pasi na ugomvi. Askari tuwaachie wenyewe. Tuichukue ile pete.

Tunaihitaji kwa sababu kwetu wako wafanyao kinyume kabisa. Mtu amenunua sanduku la kioo, au ana rafu yake, na chombo hakiingii. Badala ya kuongeza kitako hupunguza chombo. Foromali hukatwa inchi 3 kila upande na tanga likakunjwa kufuata. Hanamu iliyochomoza mbele husawazishwa kwa randa. Nimeviona vyombo vya namna hii vikiuzwa, vimepakwa vanishi vinang'aa, na mnunuzi mgeni hajui kwamba amebeba kitu kisichopata kuelea bahari yoyote.

Wala si suala la urembo. Vyombo vya bahari yetu hutambulikana kwa omo na tezi. Bum la Ghuba limechongoka huku na huku, na mbele yake hutoka mti mrefu ulionyooka. Sambuki lina tezi pana lililokatwa, na omo lake limepinda. Hata majahazi yetu wenyewe hayafanani: la Lamu omo lake husimama wima, la Unguja hulala mbele. Mtoto wa Mombasa aliyekulia karibu na Bandari ya Kale enzi zile vyombo vikija na Kaskazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, vimeleta tende na mazulia, aliweza kukitaja chombo kikiwa bado mbali. Meli za mitambo zilikwisha kuipunguza biashara ile, na mwaka 1982 serikali ya Kenya ilipopiga marufuku kupeleka boriti nchi za nje, vyombo vikubwa vilikosa shehena yao kuu ya kurudi nayo. Mtoto wa leo atajifunza wapi tofauti ya bum na sambuki? Labda kwa hicho kilichoko juu ya kabati. Kikiwa kimekatwa, atajifunza uwongo.

Utazame mtepe. Ulikuwa chombo cha visiwa vya Wabajuni, mbao zake zimeshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari wa chuma, tanga lake la miraba limesukwa kwa ukindu au miyaa, na omo lake limeinuka mfano wa shingo ya ngamia. Wazee walisema ni ngamia wa Mtume, Swalla Llahu alayhi wa sallam. Kabla ya kufika katikati ya karne ya 20 mitepe ilikuwa imekwisha baharini. Kilichobaki ni picha, maandishi ya watu kama James Hornell, na mifano midogo iliyohifadhiwa makumbusho, ya Lamu na ya Fort Jesus zikiwamo. Mwaka 2003 mtepe wa ukubwa wa kweli uliundwa upya Unguja ukawekwa ndani ya Beit al-Ajaib, jumba ambalo sehemu yake ilianguka tarehe 25 Desemba 2020. Lau wale waliochonga mifano wangaliipunguza ili iingie sandukuni, waundaji wa baadaye wangalikosa pa kutazama.

Sasa kazi yenyewe. Usianze kwa kung'oa. Geuza chombo utazame chini, uone mkuku umeshikwa na nini. Kama ni misumari ya chuma, hewa ya bahari imekwisha kuila. Imevimba ndani ya mti, na ukiivuta utaupasua mkuku. Kama ni sherisi ya kale, kitambaa cha maji ya moto kikiwekwa kwa subira kitailegeza, ila maji hayo hayo yataharibu rangi yakipanda ubavuni. Kwa hiyo kama kitako cha zamani bado kizima, kiache. Tafuta ubao mnene na mzito, mvule au msaji, uchimbe katikati yake shimo la kina kidogo lenye umbo la kile kibao cha kwanza, kikae humo kama kilivyo, kisha kikazwe kutoka chini kwa skurubu mbili za shaba zisizoshika kutu. Mwembe ni rahisi kuchonga, lakini ni mwepesi, na bungua wanaupenda.

Upana usikisiwe kwa ubavu wa chombo. Teremsha uzi wenye kijiwe kutoka kila ncha ya foromali, na kutoka hanamu na tezi, utie alama unapoangukia, kisha ongeza inchi 2 nje ya alama. Kitako cha namna hiyo kikisukumwa hugonga ukuta chenyewe kabla ya chombo. Wakati wote wa kazi chombo kishikwe tumboni, kamwe si mlingotini, na mikono isiwe na mafuta. Rangi ya zamani iliyofifia iacheni ilivyo. Rangi ya kopo ikipita juu ya nakshi za tezi, nakshi zimekwenda.

Wateja hulalamika hapa. "Mzee wangu, kitako chapita chombo kwa ukubwa!" Kweli, huonekana kikubwa siku za kwanza. Kipakwe rangi ya kimya, bila kuchongwa mawimbi wala minazi, jicho litakizoea. Na kipo kitu ambacho kibao kidogo hakikuwa na nafasi nacho: jina la chombo, kwamba ni jahazi au bum au kotia, jina la fundi na mwaka wa kazi kama vyajulikana, na mwaka kilipobadilishwa kitako. Mengi ya majahazi yaliyoko majumbani hayana hata neno moja, na wajukuu huyaita yote "dhow", neno ambalo nahodha wa hapa hakupata kukiita chombo chake.

Mtepe wa mfano uliotengenezwa sawasawa, kwa kushonwa, haufai kupigwa skurubu hata moja. Huo chongewa magadi mawili, kama yale yanayozuia chombo pwani maji yakitoka, yashikamane na kitako kipya. Kisha ukalishwe juu yake na kufungwa kwa kamba ile ile ya makumbi, kamba ipitishwe chini ya mkuku na fundo lifichwe upande wa pili.