Kursi ya video ni muzuri, lakini haiwezi kujibu swali



Kila asubui, wakati posti ya usiku inashuka, mu bisi yetu ya Kolwezi kuko mwenzetu mumoja ambaye halali. Anatia ekuteri mu sikio, anafungua kaye juu ya magoti. Ni shofere wa kamyo kubwa ku mine, na tena ni mwanafunzi wa iniversite. Profesere wake anafundisha saa mbili ya asubui kule Lubumbashi, karibu kilomita 300. Saa ile yeye angali na vumbi mu macho. Bila kursi zenye kurekodiwa, hangesoma hata mwaka mumoja.

Njo maana sisi wa sendika hatuwezi kusema kama kursi ya video ni mubaya. Watoto wetu wenye kukaa kule nao wanatuambia: oditwari imejaa, wa nyuma wanasimama ku dirisha, mikro inakufa, wanatoka na kaye nusu. Video unaweza kuisimamisha, unairudisha nyuma mara tatu, na hakuna mwenye kukucheka.

Mambo haya hayakuanza leo. Kule Uingereza, Open University ilianza kufundisha mu 1971, na masomo yake yalipita ku radio na televizyo ya BBC, juu ya watu wazima wenye kuwa na kazi zao. Lakini mwanafunzi alikuwa pia na mwalimu wa kumusahihishia kazi. Mu 2001, chuo cha MIT kule Marekani kilitangaza kwamba kitatia kursi zake ku intaneti bure.

Tena mu 2007, walimu wawili wa shimi ku sekondari moja ya Colorado, Jonathan Bergmann na Aaron Sams, walianza kurekodi masomo sababu wanafunzi walikosa darasa mara mingi, juu ya michezo na safari ndefu. Wakaona jambo moja: mutoto hana lazima sana ya mwalimu wakati wa kusikiliza. Ana lazima yake wakati anafanya ekzersisi na anakwama. Basi wakageuza: video nyumbani, ekzersisi darasani, mwalimu akizunguka kati ya meza. Hawakumutoa mwalimu. Walimupa wakati.

Hapa njo shida yetu inaanza. Mwaka uliopita, mutoto wa mwenzetu mumoja alipewa video mu kursi mbili. TD zikafutwa, asistanti hakuonekana tena, lakini minervali haikushuka hata franka moja. Alipokwama, akajibiwa: "Rudilia video." Alirudilia mara sita. Video ikasema maneno yale yale. Mu egzameni akaanguka, na wakamwambia: "Kursi ulikuwa nayo. Ni kosa yako."

Maneno hayo sisi watu wa mine tunayajua. Siku ya kwanza ya kazi wanatuonyesha filme ya usalama, tunatia sinyatire. Siku jiwe linaanguka, karatasi inatoka: "Si uliangalia filme?" Lakini filme haioni ufa wenye kuwa juu ya kichwa chako. Mwenye kuuona ni shefu wa timu mwenye miaka 20 chini ya udongo, akikukamata mukono: "Usipite hapa." Filme inafaa kama inamupa shefu yule wakati wa kukufundisha. Kama inakamata nafasi yake, ni njia tu ya kumubebesha kosa mutu mudogo.

Kuko pia bei. Video ya saa moja inaweza kula mega 300 ao zaidi. Sauti peke yake, ikifinywa vizuri, saa moja inaingia mu mega 30 hivi. Mama mwenye kuuza makala hawezi kulipa minervali, kisha alipe tena mega juu ya kusikia kile alichokwisha kulipia.

Kwa hiyo tunaomba mambo mane.

Kwanza, kila kursi ya video itolewe bure mu flashi ao mu karte ya telefone, pale pale ku iniversite, pamoja na sauti peke yake kwa mwenye telefone ndogo.

Pili, video zikatwe fupi. Watafiti waliochunguza video za kursi za edX mu 2014 waliona kwamba watu wengi wanaacha kuangalia mbele ya dakika sita kupita, hata video iwe ndefu namna gani.

Tatu, saa zilizookolewa zirudi ku TD. Profesere akirekodi, asistanti akae na wanafunzi.

Ine, hili ni letu sisi wenyewe: wakati wa kuzungumza na wakubwa wa kazi juu ya konvansyo kolektive, tusiombe paka makuta. Tuombe chumba kimoja mu kampi, chenye umeme na intaneti, kwa watoto na kwa wafanyakazi wenye kusoma.

Na ninyi wazazi, musifikiri mutoto mwenye telefone mu mukono anasoma. Mumuulize: "Kaye iko wapi? Umekwama wapi?" Asimamishe video, aandike, afanye ekzersisi mbele ya kuendelea. Watoto watatu wakae pamoja na telefone moja. Mumoja akikosa kufahamu, mwingine atamufafanulia.

Mwenzetu wa bisi aliandika mu kaye yake: "Dakika 41, sielewi." Akangoja siku yake ya kupumuzika, akapanda gari mpaka Lubumbashi, akamutafuta asistanti. Jibu lilikamata dakika kumi. Siku ya kesho yake mu bisi alitia tena ekuteri mu sikio, akatuambia: "Sasa njo ninasikia kile anachosema."