Mama Sisulu: Uvumilivu Usio wa Kunyamaza

Wahenga walisema kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Maneno haya twayasikia kila mara penye shughuli za watoto, na aghalabu husemwa kwa mzaha kidogo, kisha watu wakaendelea na mambo yao. Lakini wako wanawake ambao maisha yao yote yamekuwa ndiyo tafsiri ya methali hiyo, na mmoja wao ni marehemu Bibi Albertina Sisulu wa Afrika ya Kusini, aliyezaliwa tarehe 21 Oktoba 1918 na kufariki dunia tarehe 2 Juni 2011, akiwa na umri wa miaka 92.

Watu wengi wamjua kwa jina la mumewe, Bwana Walter Sisulu, aliyehukumiwa kifungo cha maisha pamoja na Nelson Mandela mwaka 1964. Hiyo ni heshima kubwa, wala hatuipunguzi. Hata hivyo yafaa leo tumkumbuke yeye mwenyewe, mama na bibi wa watoto wengi, kwa sababu katika ulezi wake limo fundisho ambalo waandishi wa siasa hulipita mbio.

Alizaliwa katika wilaya ya Tsomo, nchi ya Transkei, kwa watu wa kabila la Waxhosa. Baba yake alikuwa mmoja wa maelfu ya wanaume waliokwenda kuchimba dhahabu chini ya ardhi, wakarudi makwao na mapafu yaliyojaa vumbi. Alikufa Albertina akiwa na umri wa miaka 11, na kabla ya kukata roho alimwachia binti yake wasia wa kuwatunza wadogo zake. Mama yake naye alikuwa mgonjwa mara kwa mara. Basi yule mtoto akawa mlezi kabla hajamaliza kulelewa. Mara nyingi alikosa shule ili abaki nyumbani na wadogo zake, akachelewa nyuma ya rika lake.

Kuchelewa huko karibu kumnyime elimu. Alishinda katika mtihani wa kutafuta msaada wa masomo ya juu, lakini akaambiwa kwamba umri wake umepita kiasi. Walimu wake hawakuridhika na dhuluma hiyo, wakaandika gazetini, na mapadre wa Kikatoliki wakamtafutia nafasi katika chuo cha Mariazell, ambako aliingia mwaka 1936. Wakati wa likizo, wenzake walipokwenda makwao kupumzika, yeye alibaki akilima mashamba ya shule na kufua nguo ili alipie chakula na malazi yake. Alitaka kuwa mtawa, maana aliazimia kutoolewa kabisa. Lakini alipoelezwa kwamba mtawa hapati mshahara wa kupeleka nyumbani, alibadili nia yake akachagua uuguzi. Ndugu msomaji, tazama hapo: tangu ujana wake, kila njia aliyoifikiria aliipima kwanza kwa tumbo la wadogo zake.

Mwaka 1940 alianza kujifunza uuguzi katika hospitali ya watu weusi mjini Johannesburg. Huko aliona kwa macho yake jinsi majeruhi Waafrika walivyolazwa sakafuni ilhali vitanda vya upande wa Wazungu vilikuwa vitupu. Mwaka uliofuata akajuana na Walter Sisulu, na tarehe 15 Julai 1944 wakaoana, Mandela akiwa msimamizi wa bwana harusi. Mmoja wa vijana wa chama cha ANC, Anton Lembede, alimwonya siku hiyo ya harusi kwamba mwanamume anayemwoa amekwisha kuoa taifa. Bibi harusi alilisikia onyo hilo, na miaka ikaja kulithibitisha.

Nyumba yao namba 7372 katika mtaa wa Orlando West ilikuwa ndogo, lakini haikumfukuza mtu. Alizaa watoto watano: Max, Mlungisi, Zwelakhe, Lindiwe na Nonkululeko. Juu ya hao akalea watoto wa jamaa wa mumewe kama wake mwenyewe, na mama mkwe wake, aliyewahi kuwa mtumishi wa nyumbani kwa Wazungu, akawa pamoja nao. Mwaka 1954 Albertina alifuzu ukunga. Siku hizo mkunga wa Soweto hakuwa na gari. Alijitwika kichwani sanduku la dawa na mabakuli, akaenda kwa miguu nyumba hata nyumba, usiku na mchana, akiwapokea watoto wa wenzake duniani kisha akirudi kuwaandalia chakula wa kwake. Kwa kuwa Walter alikuwa ameacha kazi ili atumikie chama, mshahara wa mkunga huyo ndio uliotegemewa na nyumba nzima.

Ingekuwa haki yake kusema kwamba kazi hiyo yatosha, na siasa awaachie wanaume. Hakusema hivyo. Serikali ya Makaburu ilipotaka kuwafundisha watoto wa Kiafrika elimu ya utumwa, kwa sheria ya mwaka 1953, alifundisha watoto nyumbani kwake mpaka alipozuiliwa, na wake mwenyewe akaja kuwapeleka shule za Swaziland, nchi ambayo leo yaitwa Eswatini. Wanawake walipolazimishwa kuchukua pasi, alikuwa miongoni mwa wanawake wapatao 20,000 walioandamana hadi makao ya serikali mjini Pretoria tarehe 9 Agosti 1956. Mwaka 1958 alitiwa korokoroni kwa sababu ya pasi hizo hizo, na nyumbani alikuwa na watoto wadogo wanaomngojea.

Sisi wa upande huu wa Afrika tuna sababu ya pekee ya kumkumbuka. Tanganyika ilipopata uhuru wake mwezi wa Desemba 1961, wauguzi wengi wa Kiingereza walifunga mizigo wakaondoka, na wodi zetu zikabaki na upungufu mkubwa. Chama cha ANC kiliombwa msaada, na Bibi Sisulu alikuwa mmoja wa waliowatafuta wauguzi Waafrika wa kuja kuziba pengo hilo. Wauguzi hao walitoroshwa mpakani, wakapitia Bechuanaland, yaani Botswana ya leo, ndipo wakafika kwetu. Mara nyingi twaeleza, na ni kweli, jinsi nchi yetu ilivyowapokea wapigania uhuru wa kusini. Tusisahau kwamba kabla hatujawapa kambi na mashamba, binti zao walikwisha kufika kuuguza wagonjwa wetu. Deni la undugu halikuwa la upande mmoja.

Mwaka 1963 ndipo mtihani mkubwa ulipoanza. Walter alikuwa amejificha akiendesha mapambano, na polisi waliposhindwa kumpata walimkamata mkewe. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuwekwa kizuizini kwa ile sheria iliyoruhusu mtu kufungiwa siku 90 bila ya kushitakiwa. Alikaa peke yake katika chumba kwa muda wa karibu miezi miwili, na wapelelezi wakawa wakimletea habari za uongo juu ya hali ya watoto wake na mumewe, wapate kumvunja moyo aseme aliko. Walijua wapi pa kumpiga mama. Lakini hakusema neno. Mwanawe Max, kijana wa miaka 17, naye alikamatwa. Alipoachiliwa akaenda uhamishoni, na robo karne ikapita.

Tarehe 12 Juni 1964 mumewe alihukumiwa kifungo cha maisha, akapelekwa Kisiwa cha Robben. Tangu mwaka huo Albertina mwenyewe aliwekewa amri za kumzuia asihudhurie mikutano wala asisafiri, na baadaye asitoke nyumbani usiku wala mwisho wa juma. Vizuizi hivyo vilidumu kwa karibu miaka 17. Katika hali hiyo, pamoja na kazi ya uuguzi, alishona, akafuma, akauza mayai, ili ada za shule zipatikane. Kwenda kumwona mumewe kulitaka kibali na safari ndefu mpaka Cape Town na kuvuka bahari, kwa mazungumzo mafupi yaliyosikilizwa na askari jela.

Kisha ikaja zamu ya watoto. Mwaka 1976 Lindiwe alikamatwa, akateswa, akakaa kizuizini miezi 11, na alipotoka akaikimbia nchi. Zwelakhe, mwandishi wa magazeti, alifungiwa mara kadhaa, na mara moja akakaa miaka 2 bila ya hukumu, kuanzia Desemba 1986. Jongumzi, mmoja wa watoto aliowalea, alipelekwa Kisiwa cha Robben alikokuwa amefungwa baba yake mlezi. Mzazi mmoja alipoondolewa, mwingine alipofukuzwa, wajukuu walirudi kwa bibi. Yule aliyewalea wadogo zake, kisha wanawe, kisha watoto wa jamaa, akaanza upya na wajukuu, akiwa na umri ambao wengi hutafuta kivuli cha kupumzika.

Hapa ndipo penye fundisho tunalotaka kulitaja. Ubaguzi wa rangi ulifanywa kwa mpango, na mojawapo ya shabaha zake ilikuwa ni kuuvunja mji wa Mwafrika. Wanaume walipelekwa migodini wakae mabwenini, wake wakaachwa vijijini, pasi zikamtenga mtu na jamaa yake, na elimu ikapunguzwa ili mtoto asimpite mzazi wake. Kwa hiyo mwanamke aliyeshika nyumba yake isivunjike, akasomesha watoto wake na kuwaambia ukweli juu ya baba yao, alikuwa akipigana vita hivyo hivyo alivyopigana mumewe. Chungu kilichokuwa jikoni na mkutano uliokuwa uwanjani vilikuwa kazi moja.

Wala uvumilivu wake haukuwa ule wa kuinamisha kichwa. Amri zilipokwisha, alirudi jukwaani pale pale. Mwaka 1983 alichaguliwa kuwa mmoja wa marais watatu wa muungano wa UDF naye yumo kizuizini, kwa shitaka lililotokana na mazishi ya mwenzake. Mwaka 1985 alishitakiwa uhaini, na Desemba mwaka huo shitaka likaanguka. Kazi yake ya mkate wakati huo ilikuwa katika zahanati ya Daktari Abu Baker Asvat huko Soweto. Daktari huyo alikuwa wa chama cha AZAPO, kilichokuwa kikivutana vikali na UDF, lakini wawili hao walikaa kama mama na mwana, wakiwatibu maskini pamoja. Tarehe 27 Januari 1989 watu waliojifanya wagonjwa walimpiga risasi daktari huyo mle zahanatini akafa, na Bibi Sisulu alikuwamo. Akamlilia kama mwanawe.

Walter alitoka gerezani tarehe 15 Oktoba 1989, baada ya miaka 26. Mwezi wa Mei 1994, katika Bunge la kwanza lililochaguliwa na watu wa rangi zote, Bibi Sisulu ndiye aliyesimama kulitaja jina la Nelson Mandela ili awe Rais. Alikaa Bungeni hata mwaka 1999. Walter alifariki tarehe 5 Mei 2003 mikononi mwa mkewe. Walikuwa wameoana karibu miaka 59. Naye alipokufa mwaka 2011, taifa lilimzika kwa heshima zote, na watu wakajaa katika uwanja wa michezo wa Orlando kumwaga.

Sasa, twamkumbukaje mama wa namna hii? Iko desturi kwetu ya kusifu uvumilivu wa mama kwa nyimbo na kanga, halafu tukamwachia mzigo ule ule alioubeba jana, tukisema kwamba amezoea. Hiyo si heshima. Wako katika mitaa na vijiji vyetu mabibi wanaolea wajukuu pasipo msaada, na wakunga wanaotembea usiku kwa miguu. Sifa iliyo na maana ni ile inayoambatana na mkono wa kusaidia: kumlipia mjukuu ada, kumpunguzia bibi safari ya maji, kumpa mkunga chombo cha kufanyia kazi, na kumsikiliza mama anaposema katika baraza, maana anajua mengi.

Albertina Sisulu aliachiwa wasia na baba yake akiwa na umri wa miaka 11, akautimiza mara nyingi kuliko alivyoombwa. Sisi tulioachiwa mfano wake hatutadaiwa zaidi ya nguvu zetu. Tutadaiwa tu kwamba tusimwache mlezi peke yake.